Gitaa la Kobe kwa Baiskeli Yenye Pancha

Ulimi aliliona gitaa ukutani kwa shangazi yake, limegeuzwa kitundikio cha mitandio, akanusa biashara. Mtaani walimwita Ulimi kwa sababu angeweza kumuuzia kipofu kioo, kisha akamdai na nyongeza ya fremu.

"Shangazi, hili limeliwa na bungua. Watahamia kabatini. Nikuondolee?"

"Liondoe, mwanangu. Mungu akubariki."

Baraka ya shangazi haichezewi. Ulimi akaichezea. Gitaa lenyewe aliliona takataka, lakini takataka ikipata nembo hupata heshima. Siku tatu alisoma historia ya Kobe, kampuni kongwe ya magitaa, kisha akachapisha lebo yenye picha ya kobe, akaichovya kwenye chai ili izeeke, akaibandika ndani ya tundu la gitaa. Alitaka kitu kimoja tu: pikipiki nyekundu, aache kutembea kwa miguu kama mtu mkweli.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya Ulimi ilikuwa ngazi tatu za saruji, hadi dukani kwa fundi aliyenunua na kuuza magitaa ya zamani, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Mwasisi wa Kobe alianzia kwenye banda la kuku, mama, na randa moja ya kuazima! Hili ni la mwaka wake wa tatu kazini."

"Umesoma, baba," fundi alisema. Akaingiza tochi na kioo kidogo tunduni, akachungulia. Akakigeuza kioo juu, chini, tena juu, mpaka Ulimi akaanza kujikuna.

"Miaka ile Kobe hawakubandika karatasi, mwanangu. Na hii inanukia majani ya chai. Unajua kughushi nembo ni jela?"

Ulimi akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Basi niachie nitoe vipuri. Chukua baiskeli ile mlangoni. Ina pancha, lakini ni yako."

"Mungu akubariki, mama!" Ulimi alisema, na safari hii alimaanisha alilosema.

Wiki iliyofuata alipita pale akiikokota baiskeli, pancha ileile. Gitaa la shangazi liling'aa dirishani, na kando yake kadi: *Kobe halisi, mwaka wa tatu. Sahihi ya mwasisi kwa penseli, ndani.* Bei yake ilitosha pikipiki nne.

"Mama! Ulisema ni la kughushi!"

"Nilisema karatasi." Fundi akampa bahasha yenye lebo yake, imebanduliwa vizuri bila kuchanika. "Mengine yote uliyoniambia, mwanangu, yalikuwa kweli tupu."