Chumba Kisichopitisha Sauti

Jumatatu, 4 Mei

Nimejitia kitanzi. Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Jioni Kinyozi alikuja kukaa sebuleni kwetu kama kawaida yake, miguu mbele, utadhani kochi nimemtengenezea yeye. Huyu jirani siku hizi ana habari moja tu: jinsi mke wake alivyomaliza shahada ya pili. Tunaijua wote. Kwenye sherehe yule mama alisema asingefika pale bila mume wake, akamwomba asimame. Watu wakapiga makofi. Kinyozi akainama kidogo, kama mgombea. Mpaka leo anatembea kama bado wanapiga.

Mke wangu ni muuguzi, wodi ya wazazi. Naye anaomba shahada ya pili. Usaili ni Jumamosi asubuhi, kwa kompyuta, hapa hapa nyumbani. Mara ya kwanza alipotaka kuomba, Hakimu alikuwa tumboni. Akaacha. Mara ya pili akaja Tufani. Akaacha tena. Safari hii hospitali imempa ruhusa, na ruhusa ni ya mwaka huu tu. Mwakani ni zamu ya mwenzake.

Kinyozi akauliza, kwa upole wa kuudhi, nani atashika nyumba mama akijiandaa. Nikasema mimi. Kila kitu! Kupika, kufua, watoto. Mke wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaniuliza kama najua Hakimu yuko darasa la ngapi. Nikajibu haraka. Nilitaja la mwaka jana.

Hakimu ni binti yetu mkubwa. Ana miaka kumi na hukumu za mtu wa sitini. Tufani ni mdogo wake, na jina linajieleza.

Nakiri: sikujitolea kwa mapenzi. Nilitaka yale makofi.

Jumanne, 5 Mei

Mpango wa kwanza. Mwenye akili hapiki kila siku. Anapika mara moja, anakula wiki nzima. Nikabandika maharage kwenye sufuria kubwa kuliko zote, nikatoka kwenda karakana yangu ya uani kumalizia kiti cha mwenye duka la dawa. Kiti kile! Springi mpya, sponji nene, mikono mipana. Nilizama ndani ya springi nikasahau dunia.

Harufu ndiyo iliyonikumbusha.

Mke wangu alitoka na karatasi zake. Hakunigombeza. Alikunja mikono ya gauni akaanza kukwangua sufuria, huku anajisomea majibu ya usaili kwa sauti ndogo. Kwa nini unataka kusoma zaidi. Kwaru, kwaru. Utaisaidiaje jamii. Kwaru. Afadhali angenigombeza.

Nikamwambia jiko lina hitilafu. Hakimu, ambaye hakuulizwa, akasema jiko ni zima, aliyekosekana ni baba.

Tumekula mkate.

Alhamisi, 7 Mei

Jana sikuandika, nilikuwa nafua. Nilitumbukiza kila kitu kwenye beseni moja, pamoja na kipande cha kitambaa chekundu cha makochi kilichobaki mfukoni mwangu. Sare nyeupe ya mke wangu sasa ni ya waridi. Leo mkuu wa wodi amemuuliza kama amehamia hospitali nyingine.

Mpango wa pili: kuongeza nguvu kazi. Asubuhi nilijificha stoo nikampigia simu mama mkwe, nikamwambia binti yake amemkumbuka mno. Amefika mchana na mabegi mawili. Nikamwamkia, nikapokea mabegi, nikamwelekeza jikoni kwa heshima zote. Akasema asante mwanangu, akalipita jikoni kama kituo kisicho chake, akaenda moja kwa moja chumbani kwa binti yake. Akapanda kitandani. Akaanza habari za ukoo. Nani kaolewa, nani kaachwa, nani anaumwa mguu, na mguu upi. Alipomaliza walio hai akahamia kwa marehemu.

Mke wangu alikaa na kalamu hewani saa nzima.

Baadaye mama mkwe akauliza hiyo shule ni ya nini tena, na mtu ana kazi na ana mume. Halafu akanitazama, juu mpaka chini, aproni na yote. Akasema aa, basi na aende tu, akapumzike kidogo.

Mke wangu akaninong'oneza: nani amemwita mama? Nikasema mzazi huwa anahisi tu. Hakimu akasema alihisi asubuhi, kwa simu, baba akiwa stoo.

Nimeomba radhi kwa wote wawili. Lakini pale stoo, nimeinama katikati ya ndoo na mafagio, nilipata wazo. Kuta nene. Dirisha moja dogo juu. Mlango mmoja.

Ijumaa, 8 Mei

Sijawahi kufanya kazi nzuri hivi!

Nimehamisha ndoo zote. Nimetandaza sponji kuta nne na mlango, nimevuta kitambaa cha kijani juu yake, nimegonga misumari ya vichwa vya shaba kwa mistari, kama mgongo wa kochi la kifahari. Meza ndogo. Taa. Na kiti cha mwenye duka la dawa, ambacho anakuja kukichukua Jumatatu. Kukikalia si kukitumia. Ni kukijaribu.

Nilimwita Kinyozi makusudi. Aingie, afunge, mimi nitabaki nje nipige kelele. Nilipiga kelele kweli. Nilimwita majina ambayo sijawahi kumwita mbele yake. Kimya! Nikafungua mlango nimuulize amesikia nini. Hakuwa amesikia kitu. Alikuwa amelala ndani ya kile kiti, kidevu kifuani.

Nimecheka sana. Mwanaume mzima, mchana kweupe, dakika chache tu! Nikamwamsha nikamwambia akapime damu. Akatazama kuta, akapapasa sponji, akaondoka bila kusema lolote la shahada ya mke wake. Ushindi.

Mke wangu naye alikiona chumba. Alisimama mlangoni kitambo. Akagusa msumari mmoja, halafu mwingine. Akaniuliza kama nimemfanyia yeye haya yote. Nikasema ndiyo. Macho yake yakawa na maji. Nikaona aibu, maana nilikuwa tayari nimeshafikiria nitainama vipi makofi yakianza.

Leo ana zamu ya usiku. Atarudi asubuhi, ataoga, ataingia kwenye usaili.

Jumamosi, 9 Mei

Nieleze kwa utaratibu.

Alirudi asubuhi amechoka, watoto wachanga wanne kwenye zamu moja. Akaoga, akavaa blauzi nzuri. Nikamwingiza chumbani mapema ili asipate presha. Akafungua kompyuta, akatia masikioni vile vidude vya kusikilizia, akasema wamemwambia asubiri, wataingia wenyewe. Nikamwambia jiegemeze, mke wangu. Nikafunga mlango. Nikaweka kigoda nje nikakaa kama askari.

Nililinda mlango ule! Tufani alikuja na sufuria na mwiko, nikamnyang'anya vyote. Mama mkwe alikuja na habari ya binamu. Nikampigia magoti asiingie. Simu ya mke wangu, aliyoiacha jikoni, ikaanza kuita. Namba ngeni. Nikaikata. Ikaita tena. Watu hawana adabu, nikasema, mtu yuko kwenye usaili! Nikaizima kabisa.

Hakimu akalala kifudifudi akaweka sikio chini ya mlango. Akasema hasikii mama akiongea. Nikamwambia ndiyo kazi ya sponji hiyo, mwanangu, jifunze. Akasema hasikii mama akiongea lakini anasikia mama akikoroma.

Nikafungua.

Amelala. Kichwa nyuma, mdomo wazi, karatasi kifuani, vidude vimeangukia mapajani. Na kwenye kompyuta, watu watatu wenye miwani, wamekaa kimya, wanamtazama. Sijui tangu saa ngapi. Mmoja alikuwa ameshika simu sikioni.

Nikawauliza nani amewaruhusu kuingia.

Mke wangu akashtuka. Akajifuta mdomo, akasema push, dada, push! Ni mazoea ya wodini. Tufani akapenya miguuni kwangu akawasalimia wakubwa wale kwa kuwaonyesha ulimi. Mama mkwe akatokea nyuma, akauliza hao ndio walimu wenyewe, na mbona wamekonda.

Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye mvi, akasema kwa utulivu kwamba swali la kwanza lilikuwa jinsi mwombaji atakavyogawa muda wake kati ya kazi, masomo na familia. Akatutazama wote. Akasema hili wameshaliona. Akasema kwa leo muda umekwisha, ila wanampa nafasi moja, Jumatatu asubuhi. Akaongeza kwamba walipiga simu mara mbili, ikakatwa.

Mke wangu alipofunga kompyuta aliniuliza ni nani aliyekata simu. Nikasema mtandao. Hakimu akakohoa.

Nikakiri. Mimi. Na kuzima nilizima mimi.

Jumapili, 10 Mei

Nyumba imetulia kama hospitali. Mke wangu haongei na mimi, lakini si kwa hasira. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Nikamwendea akikunja nguo nikamwambia yote. Kwamba nilitaka kusimamishwa kwenye sherehe. Kwamba jambo hili sikulifanya kwa ajili yake hata siku moja, isipokuwa pengine kile chumba, kidogo, nilipokuwa nagonga misumari. Alikunja shati langu, akalikunjua, akalikunja tena. Akasema miaka hii yote amekuwa anaomba kitu kimoja tu, na si chumba. Nikauliza kitu gani. Akasema nimpokee zile nguo.

Nikapokea. Nimekunja zilizobaki. Hakimu amezirudia zote, lakini nimekunja.

Nimemwambia kesho nitakaa naye chumbani, nimfinye akisinzia. Akasema hapana. Ameshapata mahali.

Jumatatu, 11 Mei

Mahali penyewe ni kwa Kinyozi! Kibanda chake cha kunyolea! Kwenye kiti cha wateja, kinachozunguka, kompyuta juu ya meza ya mafuta na vitana, mashine inanguruma kichwani kwa mtu kiti cha pili. Nilimwambia mke wangu kule kuna kelele. Akasema ndiyo maana anakwenda: kule hatalala.

Nilibaki na kazi moja: Tufani. Nimempeleka chooni, nimemlisha, nimemwogesha. Sikubuni chochote. Ilikuwa ngumu kuliko kochi la watu watano.

Asubuhi hiyo nilipita mbele ya kibanda, kwa bahati tu, mara nne. Kupitia kioo nilimwona anaongea na mikono miwili, macho makali, na wateja wawili waliofungwa mashuka shingoni wanatikisa vichwa kumwunga mkono. Kinyozi alikuwa amesimama na mashine imezimwa, anamsikiliza. Aliponiona akaniashiria nipite kimya.

Mimi! Kimya!

Mwenye duka la dawa alikuja kuchukua kiti. Nimemwambia springi bado zinazoea.

Jumamosi, 30 Mei

Amepata!

Alisoma ujumbe jikoni, akiwa amesimama, akakaa chini sakafuni. Mama mkwe akapiga kigelegele mpaka Tufani akaingia chini ya meza. Nilimwinua mke wangu. Alikuwa mwepesi. Sijui alianza lini kuwa mwepesi hivi.

Jioni walikuja majirani na wauguzi wenzake. Mkuu wa wodi alikuja na sare mpya nyeupe, imefungwa vizuri, akanitazama alipokuwa anaitoa. Mke wangu akasimama kushukuru. Nikarekebisha kola.

Alimshukuru mama yake. Alimshukuru Hakimu, aliyesema kweli nyumba nzima ikimnyamazisha. Alimshukuru Kinyozi kwa kiti na kelele. Kinyozi akasimama, akainama. Makofi! Nikapiga na mimi, polepole.

Halafu akasema amebaki mtu mmoja. Akasema tangu azae hajawahi kulala bila mtu kumwamsha, na kwamba siku ile, mbele ya maprofesa watatu, alilala usingizi wa kwanza mtamu katika miaka kumi, kwa sababu kuna mtu alikaa mlangoni akawazuia wote. Watu wakacheka. Nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza. Wakapiga makofi, si mengi, lakini yalikuwa yangu.

Nimeapa moyoni palepale: basi. Sitashindana tena na mtu. Nitakunja nguo.

Wageni walipoondoka Kinyozi alibaki, miguu mbele. Akasema, kwa upole wake ule, kwamba mke wake sasa anaomba shahada ya tatu.

Nikamwambia hata wangu.

Akauliza nani atashika nyumba. Nikasema mimi. Kila kitu.

Mke wangu bado hajui. Amelala kwenye kiti cha mwenye duka la dawa, mlango umefungwa, na mimi niko hapa nje kwenye kigoda. Nitamwambia akiamka.