Korongo Nyangumi Aonekana Kinamasini

Jumatatu, 9 Machi 2026
Kamati ya hifadhi imetangaza: atakayeandika ndege wa maana kuliko wote kwenye ubao wa getini kufikia Ijumaa, ndiye atakayewaongoza wageni wa Jumapili. Wageni wa kutoka Dar! Nimeamka saa kumi na moja. Nimeona bata watatu. Benigna, mwongozaji mwenzangu kutoka Ulyankulu, kaandika korongo weupe mia mbili wakirudi kaskazini. Mia mbili! Na mwandiko wake mzuri. Unaudhi.

Jumanne, 10 Machi
Bata walewale. Nadhani wameshanizoea.
Nimepata wazo. Korongo nyangumi! Mkubwa, adimu, mdomo kama kiatu. Basi: gunia, fito mbili, na buti langu moja la mvua. Nimemsimamisha kwenye matete. Nilipomtazama kwa mbali, machozi yalinilenga.

Jumatano, 11 Machi
Kanuni inataka shahidi. Nimemchukua Xavery, mpiga kasia. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi, watani tangu enzi za misafara. Mtani hawezi kuniangusha. Kamtazama korongo, kautazama mguu wangu mmoja ulio peku, kisha katia sahihi. Ubaoni watu wamejaa. Hata Benigna kanipongeza, kwa shida.

Ijumaa, 13 Machi
Aibu! Mwenyekiti, Mama Apolinaria, alikuwa anafungua kinywa kunitaja. Xavery akaingia akilia kwa sauti, kabeba buti langu limeviringishwa khanga. Akatangaza kwamba korongo wa Kinyamwezi amefariki, na yeye kama mtani hataruhusu azikwe mpaka apewe kuku. Akajilaza mlangoni. Mama Apolinaria alicheka hadi miwani ikaanguka. Nani amewahi kumkasirikia mtani msibani? Nimetoa kuku. Kazi kapewa Benigna. Nimeumia kweli. Mke wangu Bernadeta alishanipigia pasi shati la Jumapili.

Jumapili, 15 Machi
Benigna kawaongoza wageni, na kisa cha buti keshawasimulia. Mimi nimebeba maji ya kunywa. Saa tatu asubuhi, hatua ishirini tu: korongo nyangumi, mzimamzima! Nikapiga kelele. Mgeni mmoja akauliza kama na huyu ana soli. Wakacheka wote, hakuna aliyegeuka. Ndege akaruka, akaenda zake. Nusura nilie.
Baadaye nimemfikiria vizuri. Manyoya yamechakaa. Kasimama hovyo. Wangu alikuwa bora. Kosa langu ni kumweka peke yake. Wakiwa wawili huaminika. Kesho naanza na jike.