Ndevu za Sultani

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Temeke. Nimebeba zege tangu asubuhi, bega la kulia limechubuka. Si kitu. Kuna habari kubwa zaidi: ndevu za Sultani zimepotea!

Ni ndevu za katani zilizochovywa wino mweusi, fahari ya kikundi chetu cha michezo ya kuigiza. Jumamosi tunacheza ukumbini. Sultani ni Marijani, muuza kahawa, Mzaramo mwenye sauti ya kuita meli. Mie ni maiti. Naletwa kwenye machela, nalazwa, naliliwa, basi. Neno hata moja sina.

Shida ni Adelard, kaka yake Tekla, mchumba wangu. Anafika Ijumaa kutoka Bukoba. Nami nilishawaambia kwao kwamba Sultani ni mie! Akiniona nimelala na pamba puani, Tekla ataolewa na yule karani wa ushirika.

Nimemwendea Mzee Kondo, fundi cherehani, mkuu wa kikundi. Nimempa shikamoo mbili. Nimemwambia nitamkamata mwizi, naye anipe usultani. Amecheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni, akasema haya Projestus, kamata. Hiyo ni ahadi.

Jumanne, 4 Agosti

Upelelezi umeanza. Ndevu zilionekana mara ya mwisho Jumapili nyumbani kwa Marijani, siku ya mazishi ya mjomba wake. Kwa hiyo mwizi alikuwa msibani! Nimewapitia wote kichwani. Polikarpo, Mnyamwezi muuza maji anayecheza waziri, nimemtoa mapema. Yule alijilaza chini njiani, akazuia kabisa jeneza lisipite. Mtu mwenye uchungu wa namna ile hawezi kuiba.

Namshuku Mwanakombo, muuza vitumbua wa mlangoni pa ukumbi. Ana mbuzi. Leo mbuzi alikuwa anatafuna kitu cheusi. Nimempanua kinywa. Ameniuma kidole. Kitu chenyewe kilikuwa kitambaa cha kichwani cha Mwanakombo, na eti mie ndiye niliyemlisha! Ameutaja ukoo wangu wote, wanaume kwa wanawake, asiruke mtu. Halafu akaona damu, akanipa kitumbua cha jana. Nimekula. Bado namshuku.

Jumatano, 5 Agosti

Nyapara amenikuta nimelala juu ya mchanga. Nimemwambia nafanya mazoezi ya maiti. Hapendi sanaa.

Jioni nimemhoji Marijani mwenyewe. Ajabu: hana wasiwasi hata kidogo! Anasema ndevu zitarudi tu, kwanza apate jogoo. Nikamwuliza jogoo wa nini. Akasema wewe mtu wa ndizi haya huyawezi, nenda ukafe vizuri. Wanywa kahawa wote wakaangua kicheko.

Mtu ameibiwa, anatafuta kuku! Nimeelewa: anakwenda kwa mganga. Lazima nimtangulie.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimemkamata!

Mchana kweupe, katikati ya soko! Polikarpo, madebe ya maji begani, ndevu za Sultani usoni! Anatembea kwa maringo, wanawake wanampigia vigelegele, naye anatangaza kwamba yeye ndiye mjomba wa Marijani, amefufuka, ana njaa, aletewe jogoo. Mwizi mkavu wa macho kama huyu sijamwona. Nikamrukia. Maji yakamwagika, ndevu nikazing'oa, nikakimbia nazo mpaka kituo cha polisi.

Askari akauliza nimezipata wapi. Nikasema kwa fahari kwamba nimemnyang'anya Polikarpo. Akauliza kama mie ni mtani wao. Nikasema mie Mhaya. Akasema basi hapa mwizi ni wewe, kaa chini.

Mzee Kondo ndiye aliyekuja kunitoa. Njiani akanieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Msibani mtani huzuia jeneza, huchukua kitu cha mfiwa, na mfiwa hukikomboa kwa jogoo. Watu hucheka, majonzi hupungua. Temeke nzima ilijua ndevu ziko wapi!

Mie nimeharibu utani wa watu. Kwa hiyo jogoo natoa mie.

Ninaye mmoja. Wa kumpikia Adelard.

Ijumaa, 7 Agosti

Adelard amefika. Maharage.

Jumamosi, 8 Agosti

Ukumbi ulijaa. Adelard mstari wa mbele, anatafuna mihogo. Nimekufa vizuri. Lakini Polikarpo, aliyetakiwa kunililia, aliinama akaninong'oneza kwamba jogoo alikuwa mnono. Machozi yakanitoka.

Baadaye Adelard akasema hajapata kuona maiti anayelia. Kisha akauliza, usoni hana hata tabasamu, usultani wangu uko wapi. Nikamwambia leo nimempisha Marijani kwa kuwa amefiwa. Jumamosi ijayo tunarudia, nami nitakaa kitini mwenyewe. Akafikiri. Akasema ataahirisha safari, aone kwa macho yake, ndipo apeleke neno kwa Tekla.

Jumapili, 9 Agosti

Nimewaza sana. Kosa langu lilikuwa moja tu: sikuwa mtani. Dawa yake rahisi. Tangu leo asubuhi Wahaya na Wazaramo ni watani. Nimeamua mwenyewe, hakuna aliyepinga.

Marijani alipokwenda kuoga nimeingia kwake nikachukua ndevu, kilemba na joho. Na birika la kahawa, kwa kuwa lilikuwa karibu. Sirudishi kitu mpaka anipe jogoo, na juu ya jogoo usultani. Nimevaa vyote. Vimenienea kabisa!

Nje kuna makelele. Nasikia sauti ya Marijani, nasikia Mwanakombo anautaja tena ukoo wangu, nasikia viatu vya askari. Wanagonga mlango kwa nguvu sana.

Wamekuja kucheka.