Jumba la Watu Walioshika Mashavu

Mimi ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyewahi kuwa mwenyeji wa jiji zima bila kuvuka hata barabara yake moja!

Usicheke kwanza. Kicheko kipo mbele, na mimi nitakuwa chini yake.

Kazi yangu ni ufundi wa friji. Miaka miwili iliyopita kampuni ilinituma jijini kwa mafunzo ya siku nne kuhusu friji za kisasa, zile zinazokupigia kelele ukisahau kufunga mlango. Nikapanda basi kifua mbele kama balozi. Njiani nikanunua mayai ya kuchemsha. Sitayasema sana mayai yale, marehemu hasemwi vibaya, ila yalikuwa na nia mbaya tangu yakiwa kwenye ganda. Siku zote nne nilizimaliza kati ya kitanda na choo, ghorofa ya sita. Friji pekee niliyoiona ni ile ndogo ya chumbani, na ilikuwa mbovu!

Lakini chumba kilikuwa na dirisha. Kila tumbo liliponipa ruhusa ya robo saa, nililiegemea dirisha lile nikalitazama jiji kama mfalme anayetazama himaya yake. Kisha tumbo likaniita tena, na mfalme akakimbia.

Nikarudi nyumbani nimekonda.

"Mbona umepungua hivi?" mke wangu akauliza.

"Jiji lile lina kutembea sana," nikamjibu.

Basi hapo ndipo mdomo ulipoanza kukiponza kichwa. Nilijiunga na kundi moja la kwenye simu liitwalo Siku Tatu Zinatosha, ambamo wasafiri hupeana mbinu za mapumziko mafupi jijini: ulale wapi, ule wapi, ukaone nini. Siku moja mtu akauliza, "Jamani, nina siku mbili tu, niende wapi?" Saa nzima hakuna aliyejibu. Kidole changu kikaanza kuwasha.

Mungu anisamehe, nilimjibu kwa aya tano.

Kabla mwezi haujaisha nilishapewa jina: Mwenyeji. "Muulizeni Mwenyeji!" "Bila Mwenyeji tungepotea!" Kumbe walikuwa wamepotea, ila hawajajua. Debe tupu huvuma, wanasema. Mimi nilikuwa debe tupu lenye bando la mwezi mzima!

Ushauri wangu uliosifiwa kuliko yote ulikuwa huu: "Mkabala na hoteli kuna jumba jeupe lenye nguzo nane. Ndilo jumba kuu la makumbusho. Jumanne ni bure. Wahini asubuhi, mchukue namba, mvumilie foleni. Nimewaona watu kwa macho yangu wakitoka humo wameshika mashavu kwa mshangao, wengine machozi yanawatiririka!"

Na naapa, nilichokiona nilikiona! Nguzo nilizihesabu. Bango la JUMANNE BURE nililisoma kutoka kule juu. Na watu niliwaona, mmoja mmoja, wakitoka wameshika mashavu. Kuna mzee mmoja aliyeshika yote mawili, akaketi kwenye ngazi, akatikisa kichwa muda mrefu. Nikajiambia: huyo ameona kitu.

Haya. Sasa mama mkwe akastaafu.

Mama mkwe wangu alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne. Hajawahi kupata likizo ikaisha salama. Kila akivua viatu, mtu anashikwa na uchungu. Siku ya kumuaga kazini alisema anataka jambo moja tu: siku tatu za kwenda kuona kitu ambacho hakilii.

"Mume wangu atatupeleka jijini," mke wangu akasema kwa fahari. "Analijua uchochoro kwa uchochoro."

Mama mkwe akanigeukia. Ana macho yale ya watu waliozoea kuambiwa uongo na wagonjwa.

"Mwanangu, mguu wangu mmoja si mzuri. Nisizungushwe bure. Nipeleke penye kitu kimoja kizuri, nikikione, nirudi nimeridhika."

"Mama, usiwe na shaka hata kidogo," nikasema. "Kwanza siku tatu ni nyingi. Mimi siku mbili zinanitosha kukuonyesha kila kitu na chenji ikabaki."

Tukafika Jumatatu mchana. Kwenye kundi nilikuwa nimewaandikia watu kwamba kutoka stesheni hadi hotelini ni dakika tano kwa miguu, wasiibiwe na wenye teksi. Kutoka dirishani, kweli, stesheni ilikuwa pale pale! Ila dirisha halikuniambia kwamba katikati kuna reli tatu, ukuta na mfereji. Tulizunguka dakika hamsini. Mama mkwe akachechemea nyuma yangu, na mimi nikabeba masanduku yote matatu, moja kichwani, nikiwaonyesha majengo.

"Na lile refu?" mke wangu akauliza.

"Benki," nikasema. Ilikuwa ghala la magodoro.

Asubuhi ya Jumanne nikawapeleka kunywa chai kwenye ule mkahawa wangu mashuhuri wenye miavuli ya rangi, ambao niliuandikia sifa kundini hadi nikajionea wivu. Tukaketi kwenye viti. Mke wangu akaagiza chai tatu na mkate. Mwanamume aliyekuwa ameinama chini ya mwavuli mmoja akatutazama, akaweka bisibisi chini.

"Shemeji, mimi natengeneza miavuli."

"Tunajua," nikasema haraka. "Tulikuwa tunapumzika tu."

"Basi pumzikeni kwenye viti vyenu. Hivi ni vya wateja."

Mama mkwe akakohoa. Nilidhani ni vumbi.

Sasa tukavuka barabara kuelekea kwenye jumba langu, roho ikinirudia taratibu. Nguzo nane, zipo! Bango, lipo! Foleni, ipo! Tukachukua namba: arobaini na saba. Nikajisikia kama mtu aliyelijenga mwenyewe.

Tulipoingia tu, harufu ikanipiga. Karafuu, spiriti, na kitu kama plastiki inayoungua. Ukumbi mrefu, mabenchi, watu wamejikunyata kimya kila mmoja na shavu lake. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya jino, limekatwa katikati kama papai, lina mishale na maandishi.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Yangu iliishia hapo, chini ya jino lenye ukubwa wa mlango!

"Mwanangu," mama mkwe akasema kwa upole, "mbona pananukia dawa?"

Ningeweza kusema ukweli. Ulikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Nikaumeza.

"Ndiyo wanayohifadhia vitu vya kale, mama. Visioze."

"Ahaa. Na hilo jino?"

"La... la mnyama mmoja wa zamani. Alishatoweka."

"Maskini. Na hawa wanaoguna?"

"Wanastaajabu, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaketi, akaweka mkoba wake magotini. Mke wangu alikuwa anasoma maandishi ya lile jino la ukutani, na midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa namna ambayo sikuipenda.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mwenyeji! Si wewe ni Mwenyeji?"

Alikuwa mwanamke kijana mwenye hina mikononi. Alinitambua kwa picha yangu ya kundini, ile niliyovaa miwani ya jua nimeegemea friji ya milango miwili. Akajitambulisha: mwalimu wa hesabu, ameolewa Jumamosi. Yeye na mumewe wako fungate, na ratiba yao yote ya fungate wameichukua kwangu.

"Jana tumetafuta ule mkahawa hadi tumekaribia kugombana!" akasema akicheka. "Lakini leo mume wangu kashaingia, namba arobaini na mbili. Ana hamu huyo! Hivi ndani kuna nini hasa?"

Kabla sijajibu, mlango ukafunguka na bwana harusi akatoka. Kashika shavu. Macho yamemtoka. Akamjia mkewe, akajaribu kutabasamu, nusu ya mdomo ikakataa.

"Hii makumbusho gani, mke wangu?" akasema kwa shida. "Nimelazwa kwenye kiti, nimeingizwa mkono mdomoni, nimeoshwa meno, nikang'olewa mawili mabovu, nikaambiwa nisukutue na maji ya chumvi!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mwalimu wa hesabu akanitazama, akatazama lile jino la ukutani, akanitazama tena. Niliona hesabu ikifanyika kichwani mwake, hatua kwa hatua, na jibu likiwa mimi.

"Namba arobaini na saba!"

Nilikuwa na njia mbili. Nisimame mbele ya mama mkwe, mke, maharusi na ukumbi mzima niseme sijawahi kulijua jiji hili, nilikuwa naharisha. Au niingie kung'olewa jino.

Ndugu yangu, niliingia!

Mama mkwe akaingia nami. "Nakwenda na wewe nikaone maajabu," akasema.

Ndani palikuwa na daktari mwanamke wa makamo na wanafunzi watano wenye makoti meupe yaliyonyooka kama karatasi. Ndipo nikaelewa kwa nini Jumanne ni bure: ni siku ya kujifunzia. Mwanafunzi mmoja alishika koleo, akaligeuza juu chini akitafuta pa kulishikia.

"Jino gani linakusumbua, baba?" daktari akaniuliza.

"Lolote tu," nikasema.

"Lolote?"

"Mtakaloona linafaa."

Daktari akamgeukia mama mkwe kama mtu anayetafuta msaada.

"La nyuma, kushoto, chini," mama mkwe akasema. "Tangu amuoe binti yangu anatafunia upande mmoja kama mbuzi. Anaogopa kwenda hospitali. Mimi ni mkunga, daktari. Nimeingia hapa nikajua papo hapo nipo wapi, ila nikasema ngoja nione mwanangu atalifikisha wapi jambo hili. Naona amelifikisha mbali."

Nilitamani kiti kinimeze. Kiti kikalala chali, na mimi juu yake, mdomo wazi hadi kilimi, mbele ya mama mkwe! Kwetu mkwe hata kupiga miayo mbele ya mama mkwe ni aibu. Mimi alinihesabia meno.

Daktari akakagua, akasema jino limeoza siku nyingi na lazima litoke. Wakanichoma sindano ya ganzi. Yule mwanafunzi akaninong'oneza, "Ni mara yangu ya kwanza."

"Na mimi," nikasema.

Akaanza kuvuta. Sikusikia maumivu, lakini nilisikia kila kitu kingine: kukwaruza, kukatika, na wanafunzi wanne wakisema "aah." Nikaanza kupiga kelele kwa sababu ilionekana ndilo jambo la kufanya. Hapo mama mkwe akasahau kwamba amestaafu. Akanishika mkono, akanikandamiza bega.

"Pumua! Pumua, mwanangu! Bado kidogo! Haya, sasa sukuma!"

"Aaa, nihuhume hini?" nikalia.

"Sukuma! Kichwa kinaonekana!"

Na kweli likatoka. Kubwa, jeusi, lina mizizi miwili. Wanafunzi wakapiga makofi. Mama mkwe akalitazama, na nadhani ni kwa mazoea tu ya miaka thelathini na minne, akasema, "Hongera."

Daktari akanijaza pamba mdomoni na kuniamuru nisiongee hadi kesho.

"Hadi kesho tu?" mama mkwe akauliza. "Hakuna dawa ya kufika keshokutwa?"

Tulipotoka, mke wangu alikuwa ameketi na mwalimu wa hesabu, wote wawili wanafuta machozi kwa kucheka. Bwana harusi alinipigia saluti kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa shavuni. Nikashuka ngazi za jumba langu nimeshika shavu, machozi yananitiririka, na katikati ya ngazi ikabidi niketi.

Mama mkwe hakuketi. Alimwendea mwanamke aliyekuwa anapiga deki pale mlangoni.

"Mwanangu, sisi wageni. Tuna siku mbili na mguu mmoja mbovu. Wewe ukipata siku ya kupumzika, unakwenda wapi?"

Yule mama akaweka dekio kando, akaeleza. Hakusema mengi, wala hakuhitaji aya tano. Jumba la makumbusho liko nyuma ya hoteli yetu, hatua mia mbili. Kungekuwa na dirisha upande wa pili ningeliona!

Tukaenda. Ukumbi wa kwanza ulikuwa na mifupa ya nyangumi imening'inizwa kwenye dari, mirefu kuliko basi. Mama mkwe akasimama chini yake, akainua kichwa, akaufuata uti wa mgongo kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho.

"Aliyemzalisha huyu," akasema mwishowe, "alikuwa na kazi."

Akaketi kwenye benchi, akavua viatu. Alikaa pale saa nzima, miguu yake imetulia sakafuni, na hakuna mtu aliyekuja kumwita. Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa, na kinywa kizima cha pamba. Nikamshikia mkoba wake tu. Akanipapasa bega.

Siku zilizobaki aliongoza yeye. Alimuuliza dereva, muuza magazeti, polisi, mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Tukaona bustani, tukapanda kivuko, tukala supu nzuri. Wao kwa kijiko, mimi kwa mrija. Sijawahi kulifaidi jiji namna ile.

Tuliporudi, mke wangu aliniwekea simu mkononi na kusimama nyuma yangu. Nikaandika yote kundini: mayai, choo, dirisha, miavuli, jino. Nikaomba radhi kwa kila aliyezunguka mfereji kwa ajili yangu. Nikatuma, nikafumba macho nikisubiri mawe.

Ujumbe wa kwanza ukaingia, kutoka kwa mtu nisiyemjua: "Tumekusamehe. Ila hilo la meno. Jumanne wanaanza kutoa namba saa ngapi?" Wa pili: "Na ya juu wanang'oa?" Wa tatu, wa nne, wa tisa!

Moyo ukaruka. Kwa mara ya kwanza nimeulizwa kitu ninachokijua! Nikakunja mikono ya shati, nikaanza kuandika kwa madaha, "Ndugu wasafiri..."

Sikufika mbali. Kumbe mama mkwe alikuwa ameshajiunga na kundi tangu asubuhi, na alikuwa ameshajibu:

"Saa moja kamili. Kunyweni chai kwanza, maana baadaye hamtaweza. Na mkisikia mtu mzima anapiga kelele ndani, msikimbie. Ni mkwe wa mtu tu."