Simu ya Mkono wa Kushoto

Bwana Hakika hakuingia Saluni ya Malkia kutengeneza nywele, maana nywele zilishamhama kichwani bila kuaga. Aliingia kukimbia mvua, akajibana kwenye benchi la wanaosubiri, na kabla shati halijamkauka mgongoni riziki ikamkuta pale pale, imevaa aproni ya waridi na inalalamika.

"Nimechoka mimi!" Mwenye saluni, ambaye wateja walimwita Malkia kama ilivyoandikwa ukutani, alikuwa ameinua simu usawa wa uso. "Picha ya kumi leo. Jina langu ukutani limenyooka, nikijipiga linatoka kinyumenyume. AIKLAM! Nani hapa anaitwa Aiklam?"

"Labda ni jini lako," alisema mteja mmoja aliyekuwa amepakwa dawa kichwa kizima, haruhusiwi kujikuna.

"Cheka tu. Jana mtu kaniandikia anauliza kama hapa tunasuka au tunapiga ramli."

Benchi zima likaangua kicheko. Bwana Hakika hakucheka. Picha hakuwa na habari nayo. Alikuwa anaitazama simu yenyewe. Pana, nyembamba, rangi ya bahari, na mgongoni macho matatu ya kamera yamekaa kama mafiga. Toleo la mwaka huu. Mate yakamjaa.

Tuseme ukweli kuhusu ugonjwa wa simu ile, maana Bwana Hakika hakuusema. Kamera ya mbele humwonyesha mtu kama kioo kinavyomwonyesha, na simu nyingine huhifadhi picha hivyo hivyo, kulia kukawa kushoto. Dawa yake ni kitufe kimoja kwenye mipangilio. Unakigusa, unaendelea na maisha yako. Bwana Hakika alikijua kitufe hicho kama alivyojua mifuko ya wenzake. Mtu wa kawaida angesema, "Lete dada, nikuwekee sawa." Lakini kumtoa mtu ujinga bure ni kuharibu soko.

Halafu kulikuwa na suala la Jumapili. Bwana Hakika alikuwa anaposa. Alimpenda msichana mshonaji, na kwa mara ya kwanza maishani alitaka kitu bila nia ya kukiuza. Mama wa msichana alikuwa amemkagua mara tatu, akatoa sharti moja tu: "Mkwe wa jirani yangu kamletea mama mkwe wake simu ya macho matatu. Mimi sina tamaa, mwanangu. Ila macho yakipungua hata moja, usije."

Ndiyo maana mtu wetu alijikohoza, akasogea.

"Samahani dada yangu, si tabia yangu kuingilia. Unaandika kwa mkono upi?"

"Wa kulia. Kwani?"

"Mlango unaufungua kwa upi?"

"Huo huo. Kaka, unanitibu au unaniposa?"

Bwana Hakika akaipokea simu, akaigeuza taratibu, akashusha pumzi kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Hakika, simu hii si mbovu. Hii ni simu ya mkono wa kushoto."

Waliomfahamu walishajua: akitamka "hakika", shika mkoba wako. Lakini pale hakuna aliyemfahamu, au ndivyo alivyoamini.

"Ya nini?"

"Ya mashoto, dada. Kiwandani zinatoka za aina mbili. Watu wa kushoto nao wana haki zao. Sasa mtu wa kulia akiishika, inachanganyikiwa. Kila kitu inakigeuza."

"Mikasi ya mashoto ipo," alisema mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anakunja taulo pembeni. Huyo alikuwa shangazi yake Malkia. "Nimefanya kazi na msusi mmoja wa kushoto. Ukiushika mkasi wake, unakata hewa."

Bwana Hakika alitamani kumbusu. "Mama amemaliza! Mkasi una mkono wake, itakuwa simu?"

"Mbona dukani hawakuniambia?" Malkia akauliza.

"Wakuambie, wamuuzie nani? Mashoto ni wangapi mji huu?"

"Kwa hiyo nimekula hasara."

"Hasara ni kuendelea nayo. Simu hii inamtafuta mtu wake." Sauti ikashuka, ikaingia huruma. "Mimi, kwa mfano, nina mama mkwe wangu. Mashoto tangu utotoni. Akimwaga mchuzi anaumwaga kushoto."

Na hilo, enyi wasomaji, lilikuwa kweli tupu. Mama yule alikuwa mashoto, na ndipo wazo lote lilipochipuka. Uongo mtupu huanguka. Uongo uliotiwa tone la ukweli hutembea kwa miguu yake.

Akatoa simu yake mwenyewe, ya miaka miwili, nzima, imepasuka kona kidogo. Akawakusanya wanawake watatu mbele ya ukuta, akajipiga nao. SALUNI YA MALKIA, herufi zimenyooka kama askari kwenye gwaride.

"Mnaona? Hii ni ya kulia. Haina maringo. Kwa kuwa nimekuonea huruma, tubadilishane, tuagane kwa heri."

Malkia akaitazama picha. Akaitazama simu yake. Kisha akasema jambo lililomsimamisha mtu wetu moyo.

"Hebu subiri. Hii yangu ina kamera ya nyuma pia. Nipige kwa nyuma kwanza, tuone kama nako inageuza."

Kidole kikaelekea kwenye kioo. Bwana Hakika akaona kesi yake inakufa: kamera ya nyuma haigeuzi chochote. Maandishi yakitoka sawa, habari za kushoto na kulia zimekwisha, na simu inabaki ilipo.

"Usiguse!" Alipiga ukelele mpaka mwenye dawa kichwani akajikuna kwa bahati mbaya. Akaudaka mkono wa Malkia. "Dada! Kamera ya nyuma ya simu ya kushoto, mtu wa kulia akiifungua tu, inaungua ndani kwa ndani. Husikii hata harufu."

"Mungu wangu!" Malkia akajishika kifua. "Na mimi tangu ninunue sijaigusa hata siku moja."

"Malaika wako wanakupenda."

"Wananipenda kweli." Akaifuta simu kwa aproni, polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto wa kusafirishwa. "Lakini kaka, yangu ni mpya. Yako imepasuka."

"Kona tu."

"Kona ni nyumba ya ufa. Ongeza kitu."

Akaongeza chaja. Malkia akatikisa kichwa. Akaongeza betri ya akiba. Malkia akamtazama shangazi, shangazi akazitazama taulo. Akaongeza spika yake ndogo ya muziki, ambayo alikuwa ameipata kwa mzee mmoja kwa njia tusizotaka kuzieleza. Malkia akakubali kwa shingo upande, macho yamemlegea kwa uchungu wa kuachana na mali.

Mvua ilikuwa bado haijakatika, lakini Bwana Hakika alitoka. Nyuma yake alisikia wanawake wanacheka, akajua wanamfurahia mwenzao kwa kupata simu nzima. Watu wema kweli, alijisemea.

Nyumbani alifungua kamera ya mbele, akagusa kitufe, picha zikanyooka. Kamera ya nyuma hakuijaribu. Kuku wa wizi nani humuuliza kama anataga? Akaifunga kwenye karatasi ya zawadi, akakaa kitandani akiiangalia.

Jumapili alifika na suti ya kijivu. Sebule ilikuwa imejaa: wajomba, mashangazi, majirani waliokuja kushuhudia ili wapate la kusimulia. Mshonaji wake alikaa pembeni katika gauni alilojishonea, haangalii juu, ila anatabasamu. Jikoni vyungu vinatokota. Mama mkwe akaipokea zawadi kwa mkono wa kushoto, akachana karatasi, akahesabu macho. Moja, mawili, matatu. Akamtazama jirani yake. Mtazamo ule peke yake ulitosha kuwa mahari.

"Tupigwe picha ya ukoo!" mjomba mmoja akaamuru. Kaka wa binti, fundi wa redio, akapewa simu, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Watu ishirini wakatabasamu.

"Mbona giza?" fundi akasema.

"Fungua pazia."

"Pazia liko wazi." Akafuta kamera kwa pindo la shati. Akajaribu tena. Watu ishirini wakatabasamu tena, safari hii kwa kuchoka. "Giza totoro."

Jasho likamtoka Bwana Hakika mahali ambapo nywele zingelizuia. Mdomo ukafunguka wenyewe, kwa mazoea.

"Hakika, shemeji, simu hiyo ni ya mkono wa kushoto. Wewe ni mtu wa kulia, imekukataa."

"Lete," alisema mama mkwe. "Mimi kushoto nimezaliwa nako." Akaishika kwa mkono wake halali, akabonyeza. Giza lile lile, tena na heshima zote.

Fundi wa redio akaichukua tena simu. Alitia ukucha kwenye moja ya yale macho, akabinya, likachomoka na uzi wa gundi. Likaviringika sakafuni hadi miguuni kwa mshonaji. Binti akaliokota, akaligeuza kwenye mwanga.

"Hiki ni kifungo," alisema. "Cha blauzi. Nanunua kwa dazeni."

Jirani akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha furaha, kila mtu alikisikia.

"Mkwe wangu mtarajiwa," alisema mama taratibu, "nimeomba macho matatu, umeniletea kipofu aliyevaa miwani. Chakula kinapakuliwa saa kumi. Ukirudi na simu inayoona, utakaa hapo ulipokaa. Usiporudi, kiti tutampa mwingine."

Binti alimtazama kwa mara ya kwanza siku ile, akamrudishia simu na kifungo chake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja, na hilo ndilo lililomchoma.

Saluni ilikuwa imefurika. Malkia alikuwa anampiga picha bibi harusi mmoja kwa simu yenye ufa kwenye kona, na ile spika ndogo inaimba dirishani.

"Dada, tuna mazungumzo," alisema Bwana Hakika akihema.

"Zungumza tu, hawa wote ndugu zangu."

"Simu uliyonipa haioni nyuma."

"Kumbe uliigusa?" Malkia akashika shavu. "Si ulisema mtu wa kulia asiiguse? Basi umeiunguza mwenyewe, kaka wa watu."

"Ameiunguza!" benchi likaitikia.

"Haikuungua! Ni vifungo vya blauzi!"

"Vya kushoto au vya kulia?"

Hapo uvumilivu ukamtoka, na pamoja nao ukatoka ukweli, kitu ambacho koo lake halikukizoea. "Hakuna simu ya kushoto! Haijawahi kuwapo! Ni kitufe tu! Kitufe kimoja kwenye mipangilio!"

Benchi zima likainua shingo. Hata kikausha nywele kilizimwa ili watu wasikie vizuri.

"Mipangilio, kamera, kioo, unazima," alisema shangazi bila kuinua uso kwenye taulo. "Sekunde mbili."

Bwana Hakika akamkodolea macho. "Mnajua?"

"Wewe kaa hapo nikwambie," alisema Malkia, ingawa hakumpa kiti. "Ile simu nimekaa nayo miezi mitano. Kila siku napiga kelele: picha zangu zinageuka, picha zangu zinageuka. Wajinga walikuja wengi. Mmoja akaniambia, dada gusa hapa, akanitengenezea bure akaenda zake. Ikabidi niigeuze tena nianze kelele upya. Wa pili hivyo hivyo. Mjinga hana faida kabisa, kaka. Ile ilihitaji mtu mwenye akili."

"Mashallah, na akaja," alisema mteja mmoja aliyekuwa anasukwa.

"Na siku ile nilitaka kufungua kamera ya nyuma mbele ya macho yako. Mkono wangu aliudaka nani?"

Bwana Hakika akautazama mkono wake mwenyewe kama mkono wa mtu wa ukoo asiyemtaka.

"Dada, nakuomba," alisema, na safari hii sauti haikuwa na sukari. "Nina posa. Wananingoja saa kumi. Yule mshonaji wa kibanda cha karibu na soko."

"Yule mtoto mzuri mwenye adabu?" Benchi likachangamka. Ndiyo kwanza habari zilikuwa zimeiva.

"Huyo huyo."

Wanawake wakatazamana. Shangazi akaweka taulo chini.

"Basi Malkia usimpe," alisema. "Tumwokoe mtoto wa watu."

Malkia akamsindikiza mpaka mlangoni, maana alikuwa mtu wa ustaarabu. "Kaka, mimi sikuzaliwa na ile simu. Kuna mtu aliniona nina akili, akaniuzia kwa bei ya kutupa, nikarudi nyumbani nikiimba. Nawe tafuta wa kwako. Saa nane tu sasa, muda unao."

Bwana Hakika akalirudisha jicho mahali pake kwa gundi ya fundi viatu, akaishika simu mgongo juu, macho matatu yanang'aa juani, akaingia mtaani.

Fundi viatu mwenyewe akasema simu yake inapiga na inapokea, hana haja ya zaidi. Mlinzi wa duka la vyombo akasema nzuri, ila ya mtu. Muuza matunda akaipima mkononi, akauliza, "Bosi, kitu kizuri hivi mbona unakiuza kwa haraka?" akamrudishia na kipande cha nanasi, kwa kumwonea huruma. Kinyozi akasema hanunui asichokihitaji. Mwenye duka la vipodozi, ambaye Bwana Hakika alimtegemea sana, akamwambia dawa ya picha kugeuka ni kitufe kimoja, akamwonyesha bure.

Saa kumi kamili ilimkuta kwenye njia panda, suti imelowa kwapani, anaulaani mtaa mzima, huku na huko, usio na hata mtu mmoja mwenye akili.