Mihina ya Machano

Jumatatu, 8 Februari 1954

Kaskazi imechachamaa. Jua kali, mvua hakuna, na ua wangu wa mihina umebaki vijiti vitupu. Wa jirani yangu Machano umejaa majani mpaka chini. Aibu gani hii! Leo kaniamkia juu ya ua, kwa adabu zote, akaniuliza kama mihina yangu inaumwa au nafuga ndevu za beberu. Nikacheka. Moyoni nikamlaani.

Ingekuwa majani tu ningesamehe. Lakini nimempelekea posa Bi Wanu, mjane wa Miembeni, na Machano naye kampelekea. Bi Wanu anamwoza binti wa dada yake, na anatafuta hina ya kumpaka bibi harusi. Kasema Jumatano ya wiki ijayo atapita kwetu Kikwajuni. Atakakochuma hina, ndiko atakakoolewa. Mwanamume asiyeweza kutunza ua, kasema, nyumba ataitunzaje? Nampenda mwanamke huyu. Lazima nimpate.

Jumanne, 9 Februari

Hila ya kwanza. Nimegundua siri ya Machano: huinywesha mihina yake maji aliyooshea samaki. Mimi si mtu wa maji! Nimekwenda sokoni Darajani, nimerudi na ndoo nzima ya matumbo ya papa na vichwa vya changu, nikavifukia shinani. Kufika adhuhuri, paka wa mtaa mzima wamekusanyika. Wamefukua kila kitu. Wamefukua na mizizi. Machano kapita kajiziba pua kwa kitambaa, akanitakia heri.

Alhamisi, 11 Februari

Nimepanda gari la shamba hadi Kiwengwa, kwa shangazi yangu Bi Kidawa. Shikamoo, marahaba, na kabla sijakaa vizuri nikamwuliza udongo mweusi wa kustawisha mimea unapatikana wapi. Kasema upo pangoni, kwenye mzimu wanakokaa pepo, lakini hauchukuliwi hivi hivi. Mtu apige hodi. Ataje jina lake. Aombe ruhusa, afukize ubani, angoje mpaka ahisi amekaribishwa. Akanipa na ubani wenyewe.

“Na jina liwe lako, mwanangu,” kanambia. “Wenyewe hawasahau jina.”

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Hawasahau jina? Basi siku wakija kudai, wamdai nani? Nikasimama mlangoni mwa pango, jua la utosi, hata ndege mmoja halii, nikasema: “Hodi! Ni mimi, Machano wa Kikwajuni.”

Ndani ukatoka upepo wa baridi, unanukia udi. Nikajaza pakacha haraka haraka, nikaondoka. Ubani nimerudi nao. Utanifaa nyumbani.

Jumamosi, 13 Februari

Jana nilitandaza udongo shinani, nikaufunika kwa makumbi ya nazi usikauke, nikamwagia maji. Subhanallah! Asubuhi vichipukizi. Adhuhuri majani yamenifika kifuani. Nikashika mkasi, nikapunguza, nikasawazisha juu mpaka ungeweza kuweka sinia ya vikombe isitikisike. Kutoka msikitini, ua umerudi palepale. Na yale matawi niliyoyakata nikayaacha chini, hayapo. Machano kasimama mdomo wazi. Raha iliyoje!

Jambo dogo tu. Matawi yote yanainamia upande wa nyumba yake, na upepo hakuna.

Jumatatu, 15 Februari

Muuza maziwa kaniita Bwana Machano. Nikamsahihisha: mimi ni Borafya. Kaomba radhi sana, halafu kaniaga: kwaheri, Bwana Machano. Matar muuza kahawa, ambaye ananijua tangu utotoni, naye kanipa kikombe kwa jina hilohilo.

Alasiri mtu akaita njiani, “Machano!” Ua ukaitikia: “Naam.”

Sauti ndogo, kutoka ndani kabisa ya majani. Niliijua mara moja. Ilikuwa sauti yangu. Nami nilikuwa nimekaa kibarazani, mdomo umejaa muhogo! Machano kaja kulalamika kwamba namdhihaki. Nimeapa si mimi, hakuniamini. Nimeogopa, sifichi. Lakini majani yamenawiri mno, na Jumatano ndiyo hiyo. Nimeongeza udongo.

Jumatano, 17 Februari

Kanzu nyeupe, kofia mpya, mafuta ya mawaridi. Nikaenda langoni. Lango halipo! Mihina imesukana, hapapiti hata kidole. Nikakata kwa mkasi. Nilipokata, pakaota. Kupitia majani nikamwona Bi Wanu kasimama na kikapu chake, mzuri, mtulivu. Akauliza ua huu ni wa nani.

“Wa Machano,” ua ukajibu.

Akasema maashallah, akaanza kuchuma. Kisha, Mungu ambariki, akaita, “Bwana Borafya!” Nikaitikia. Nikaitikia kwa kupiga kelele. Nikatikisa matawi kwa mikono miwili. Akamgeukia Machano, akamwuliza kama nyumba hii ina mtu. Machano kasema, kwa anavyojua yeye, haijapata kukaliwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema kweli, na hilo ndilo lililoniliza.

Bi Wanu kamkubali. Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Ijumaa, 19 Februari

Bado nimo ndani. Wapita njia hawanisikii. Nimejiita mwenyewe, Borafya, Borafya, na hata mimi imenichukua muda kukumbuka ni nani huyo.

Nimekaa nikatafakari kosa langu liko wapi. Nimelipata! Kosa ni kumchagua Machano. Mtu mwenye bahati zake, unampelekea nyingine za nini? Ningemchagua mpole, anayependwa na mtaa, asiyelalamika akidaiwa. Ubani wa shangazi upo, haujaguswa. Wa nini kuuharibu? Nikasimama mbele ya ua, nikarekebisha kofia.

“Hodi! Ni mimi, Matar muuza kahawa.”

Majani yakaachana taratibu, yakafanya njia ya mtu mmoja. Njia yenyewe ni ndefu kuliko upana wa ua, na mwisho wake sikuuona. Ukatoka upepo wa baridi, unanukia udi, na sauti yangu ikasema: “Karibu, Matar.”

Rahisi namna hiyo! Wala sikuhitaji kupanda gari. Naandika haraka, njia isije ikajifunga. Lipo jambo moja tu la kuulizia nikishafika upande wa pili: Matar ana mke?