Amina Iliyonitoka Hotelini

Leo nimeaibika hadi weita ameniletea barafu bila kuombwa. Ngojeni niwaeleze mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwingine, maana meza ya dirishani kulikuwa na msichana ameinua simu.

Chanzo ni swali moja lililoninyima usingizi tangu Jumatano. Tulikuwa tunakula, mimi na Baba, naye bila kuinua macho kwenye ugali akaniuliza: "Bramu, hizo karatasi zako utazitoa lini kwenye kile kiti?"

Mtu wa kawaida angejibu "kesho" aendelee na mboga. Mimi nina digrii ya takwimu na sina kazi, kwa hivyo muda wa kuchambua swali ninao. Kile kiti ni cha Mama. Alitutoka miaka mitano iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna aliyekikalia. Nilipanga hapo faili zangu za kuomba kazi ili kisionekane kitupu. Miaka mitano Baba hajasema neno. Sasa ghafla kiti kinahitajika. Nani anataka kukaa?

Ushahidi nilikuwa nao. Baba ana miaka hamsini na saba na ameanza kupaka kanta, ile rangi nyeusi ya nywele. Mvi zote zimetoweka. Shati la Jumamosi analipiga pasi Alhamisi. Na kwenye simu yake kuna mtu anayeitwa Mama Mayai, ambaye huongea naye mpaka anajifuta machozi ya kicheko. Wiki ya saba hii. Nyumbani kwetu Woodley sijaona yai hata moja!

Nikiri tu: ni wivu. Kwanza, sikutaka mtu akalie kiti cha Mama. Pili (hili siliringii), Mzee ana miadi kila Jumamosi, na mimi mara ya mwisho mwanamke kuniandikia "mpendwa", sentensi iliyofuata ilikuwa "tunasikitika kukufahamisha".

Leo asubuhi nikamsikia kwenye simu: "Saa saba basi, pale pale kwa samaki." Nikaamua kumfuata. Si kupeleleza, jamani. Kuthibitisha.

Nilihitaji kuficha sura. Kofia ninayo, barakoa ninayo. Kisha nikaona bafuni Baba ameacha kanta kidogo kwenye kibakuli. Nikatazama kioo. Ndevu zangu ni kumi na moja (nimezihesabu, msiniulize). Nikawaza: kama hii dawa imempunguzia Mzee miaka kumi na tano, mimi haiwezi kuniongezea mitano? Nikapaka kidevuni, nikapaka juu ya mdomo, nikapaka hata mahali ambapo ndevu hazijawahi kufika.

Paketi ilisema ujaribu kwanza nyuma ya sikio. Mimi, ninayesoma masharti ya kila kitu hadi mstari wa mwisho, leo sikusoma. Ilisema pia uoshe baada ya dakika kumi. Dakika ya tatu nikasikia mlango wa mbele. Baba ametoka! Nikavaa barakoa juu ya kanta mbichi, nikakimbia.

Hoteli yenyewe iko nyuma ya barabara ya Tom Mboya, ghorofa ya kwanza, samaki wa kukaanga na wa mchuzi. Baba akakaa karibu na sinki la kunawia. Mimi nikakaa meza mbili nyuma yake, nikaagiza chai ambayo singeweza kuinywa kwa sababu ya barakoa. Kidevu kikaanza kuwasha.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia msichana fulani wa kucha ndefu. Akaingia mama wa rika la Baba, viatu vya chini, mkoba mkubwa, nywele nusu nyeusi nusu mvi. Hajapaka chochote! Akamtazama Baba kichwani.

"Baba Bramu! Umepeleka tena kichwa kwa watu wa lami?"

Baba akacheka. "Nataka nikae kijana."

"Kijana wa nani? Mimi natoka Kabiria na magoti haya nije kuona mzee, wewe unaniletea kijana."

Kumchukia kukawa kugumu. Nikaongeza bidii.

Samaki akaja, mzima, mkubwa. Na hapo ndipo roho iliniuma kweli. Baba akanawa, akamfungua yule samaki ubavuni, akaanza kutoa miiba mmoja mmoja, akaweka nyama ya tumbo upande wa sahani ya Mama Mayai. Ya tumbo! Jamani, hiyo ni yangu. Nilikwamwa na mwiba nikiwa darasa la pili, na tangu hapo Baba hunitolea miiba. Hadi leo. Nina miaka ishirini na sita, naye bado hunitolea, na hatujawahi kulizungumzia. Nilidhani ni kitu chetu wawili.

Macho yakanijaa machozi. (Nusu ni kanta. Nusu.) Midomo sasa ilikuwa inapwita, na barakoa ilikuwa imeanza kunibana.

"Ngoja kwanza," Mama Mayai akasema. "Tuombe."

Wakafumba macho. Naye akaomba kwa sauti, kama anayeongea na jirani juu ya ua:

"Baba wa mbinguni, asante kwa samaki huyu, na kwa mzee huyu na lami yake. Tunamkumbuka kijana wetu Bramwel. Umpe kazi, Bwana. Anaumia na hasemi. Na kama hajawa tayari mimi niketi mezani kwao, usimlazimishe. Nitangoja. Hata nikingoja mpaka nishike mkongojo, ni sawa tu. Kwa jina la Yesu tumeomba."

"AMINA!"

Ni mimi.

Naapa sikukusudia. Mama yangu alitulea benchi la mbele kanisani, na usipoitikia sala alikuwa anakufinya paja. Mdomo wangu hauombi ruhusa. Na nilivyozoea, nilisema kwa sauti ya kujaza ukumbi, huku wao wenyewe wakiwa bado wanavuta pumzi ya kuitikia.

Hoteli nzima ikageuka.

"Amina," Mama Mayai akajibu polepole, akinitazama. "Ubarikiwe, kijana."

Baba alikuwa anaitazama kofia. Ni yake.

"Bramwel?"

"Shikamoo, Baba." (Sijawahi kumwambia Baba shikamoo maishani mwangu. Sisi ni watu wa Nairobi.)

"Toa hicho kitu usoni."

Nikatoa. Mtu meza ya dirishani akasema "Wuui!" Mdomo wa juu ulikuwa umevimba kama andazi, kidevu cheusi tititi, na ndani ya barakoa kumebaki chapa ya ndevu nzuri kuliko nitakazowahi kuota.

"Umepaka kanta yangu?"

"Kidogo."

Baba akafungua mdomo anifokee, akashindwa, akainamisha kichwa mezani, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Aliyeinuka ni Mama Mayai. Alinishika mkono kama mtoto wa chekechea, akaniosha uso kwenye sinki mbele ya wateja, weita akaleta barafu, kisha tukateremka hadi duka la dawa lililo chini.

"Nataka dawa ya mzio," akamwambia muuzaji. "Mtoto amevimba."

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

Muuzaji akachungulia. Nikapunga mkono.

Mama Mayai alinipa kidonge na chupa ya maji, akasimama pale hadi nikameza. Hakuniuliza nilikuwa nafanya nini mle ndani. Angeuliza ningekuwa na hoja saba tayari. Hakuuliza, nikabaki na zile faili za kwenye kiti tu kichwani.

"Mama," nikasema. (Neno lilitoka lenyewe, kama ile amina.) "Kesho baada ya ibada, njoo ule kwetu."

Akaniuliza: "Kuna mahali pa kukaa?"

Alikuwa anajua. Baba amemwambia yote.

"Kipo kiti."

Nimerudi nyumbani kabla ya Baba. Faili nimeziweka chini ya kitanda. Kiti nimekipangusa vumbi, nikakikalia kidogo peke yangu, nikainuka. Mama Mayai ameahidi kuleta trei nzima ya mayai. Na wivu bado ninao, msidhani nimekuwa malaika: nimemuuliza Baba kesho tutapika samaki wangapi. Amesema wawili.

Sasa chekeni, lakini msinichekeshe. Mdomo bado unauma.